Linki Hukatikia Kwenye Makabidhiano

Hotuba kwa vijana wanaotengeneza mifumo na wafanyabiashara wanaoitumia, Ngamiani, Tanga. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi vijana wenyewe: asalaam aleykum, na Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye mada.

Nimekuja kuzungumzia urefu wa linki. Ukiisikia mada hii kwa mara ya kwanza unaweza kuona ni ndogo mno kuwaitia watu ukumbini. Lakini humu ndani wapo waliotengeneza mifumo ya kuagizia machungwa ya Muheza, wapo wanaopokea oda za samaki wa Deep Sea, hapa mjini, kwa simu, wapo mawakala wa forodha wenye programu za kufuatilia mizigo bandarini, na wapo walimu wa shule na madrasa wanaokusanya ada bila mzazi kutoka nyumbani. Wote hao hutuma linki kila siku, na linki hiyo haikai mahali pamoja. Inatoka kwenye mfumo wa oda inaingia WhatsApp, inatoka WhatsApp inaingia kwenye kivinjari, kivinjari kinaipeleka kwenye ukurasa wa malipo, kisha inarudi ilikotoka. Ikifika imekatika, aliyeitengeneza hana habari. Anayeumia ni mama aliyeko Pangani, ambaye amebofya alichotumiwa, akaambiwa "kiungo si sahihi", akaamini kosa ni lake.

Hilo linaniuma, na ndilo lililonileta. Hoja yangu ni kwamba linki ndefu karibu kila mara hukatikia pale programu moja inapoikabidhi kwa nyingine. Sisi tunaotengeneza mifumo tunaipima mahali ambapo haikabidhiwi kwa yeyote, kisha tunasema inafanya kazi.

Kwanza tuone kanuni zenyewe zinasemaje. Wahandisi wanaoandika kanuni za intaneti chini ya IETF hawajawahi kuweka urefu wa mwisho wa anwani ya wavuti. Waraka wao wa Juni 1999, RFC 2616, ulisema wazi kwamba HTTP, ile lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, haiwekei anwani kikomo, ila ukatahadharisha kuwa zipo programu za zamani ambazo huenda zisimudu anwani inayozidi baiti 255, na herufi moja ya kawaida ni baiti moja. Mwaka 2014 ikaja RFC 7230, ikashauri kila anayetuma na anayepokea amudu mstari wa ombi, yaani ule mstari wa kwanza unaobeba anwani, wa baiti 8000 kwa uchache. RFC 9110 ya Juni 2022 ikashika hesabu hiyohiyo kwa anwani. Tuielewe vizuri hiyo 8000: ni kiwango cha chini ambacho mpokeaji anashauriwa akimudu. Ni ushauri, na umeelekezwa kwa programu zinazozungumza HTTP. Programu ya barua pepe, jedwali la mahesabu na mtambo wa kutuma SMS havikuahidi lolote.

Seva nazo zimejipangia. Apache, ikiwa haijaguswa, inakubali mstari wa ombi wa baiti 8190. Nginx inatenga nafasi za kilobaiti 8. IIS ya Microsoft inakubali herufi 2048 tu kwenye sehemu inayofuata alama ya kuuliza. Ukizidi, Apache na nginx hukujibu kwa namba 414, maana yake anwani ni ndefu mno. Mimi naiheshimu seva inayojibu 414. Imekataa hadharani, na ukiona namba hiyo unajua pa kuanzia.

Sasa kijana anakaa mezani, anafungua Chrome, anabandika linki ya herufi 6000, ukurasa unafunguka, anafurahi. Kwa nini usifunguke? Chrome inamudu anwani ya hadi megabaiti 2, na nafasi hiyo inaingiza riwaya nzima. Lakini hapo linki haijakabidhiwa. Imeandikwa ndani ya kivinjari na imefunguliwa na kivinjari hichohicho. Mteja wako hafanyi hivyo. Mteja amepokea linki kwa barua pepe ofisini Chumbageni, akaibofya akiwa ndani ya programu ya barua, na programu ya barua ikaiambia Windows: tafadhali nifungulie hii. Windows ikatafuta kivinjari na kukikabidhi.

Wazee wa bandari waliomo humu wanaikumbuka Tanga ya matishari. Gati lilikuwa na kina cha mita 3, meli kubwa zikatia nanga mbali, na shehena ikavushwa kidogo kidogo kwa tishari hadi nchi kavu. Meli ingekuja na ukubwa wowote ule, kilichoamua mzigo wa safari moja ni tishari. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini zenyewe. Linki zetu bado zinavushwa kwa tishari, na ni lazima tulijue tishari dogo kuliko yote katika safari yao.

Tuanze na hiyo Windows. Ndani ya maktaba yake ya mambo ya intaneti kuna hesabu ya zamani: herufi 32 kwa jina la itifaki, kama vile http, 3 kwa zile alama za nukta mbili na mikwaju miwili, na 2048 kwa sehemu iliyobaki. Jumla 2083. Ndicho kilichokuwa kikomo cha Internet Explorer, na ndiyo asili ya ule ushauri mnaousikia kwamba linki isizidi herufi 2000. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer Juni 2022, na vijana wengi wakadhani hesabu hiyo imezikwa nayo. Haikuzikwa. Maktaba ile bado inaitwa na programu nyingine, na wapo waandishi wa programu waliotenga nafasi ya herufi 2083 kwenye msimbo wao miaka mingi iliyopita na hawajarudi kuitazama. Hata kanuni za ramani za tovuti, zile zinazosomwa na injini za utafutaji, zinataka kila anwani iwe chini ya herufi 2048.

Kuna programu nyingine ambazo hufungua kivinjari kwa kuandika amri, kama vile mtu angeiandika mwenyewe kwenye dirisha jeusi. Dirisha hilo la amri la Windows linapokea herufi 8191 na si zaidi. Programu ikiizindua nyingine moja kwa moja, bila kupitia dirisha hilo, nafasi ni herufi 32,767. Hiyo ni kompyuta moja, kivinjari kimoja na linki moja, lakini kikomo ni tofauti kulingana na mlango uliotumika. Ndiyo maana wateja wawili wa mfumo mmoja wanakuletea habari mbili zinazopingana, na wote wawili wanasema kweli.

Excel naomba niikalie kidogo, kwa sababu Tanga hii inaendeshwa na Excel. Kwenye maghala ya mkonge, kwa mawakala wa forodha, kwenye ofisi za shule, karibu kila orodha iko Excel. Mtu anatengeneza jedwali la wateja, na kwenye safu ya mwisho anaunganisha vipande kwa fomula ya HYPERLINK ili kila mstari uwe na linki yake. Fomula hiyo haipokei linki inayozidi herufi 255. Mstari wa Mzee wa Korogwe unafanya kazi kwa sababu oda yake ni fupi. Mstari wa duka la Lushoto lenye bidhaa nyingi unaonyesha kosa. Karani anahangaika akidhani data za Lushoto zina kasoro. Data hazina kasoro. Linki imevuka 255.

Na hiyo 255 mtaikuta tena kwenye hifadhidata. Aliyeandaa jedwali akaipa safu ya linki aina ya VARCHAR yenye urefu wa 255 alifuata mazoea ya zamani ya MySQL, programu ya hifadhidata, wakati ambapo huo ndio ulikuwa urefu wa juu kabisa. MySQL za zamani, zisipowekwa kwenye hali ya ukali, yaani hali ya kukataa kilichozidi, hukata kilichozidi, zikahifadhi kilichobaki na kuacha onyo ambalo hakuna anayelisoma. Tangu toleo la 5.7 hali ya ukali inakuja ikiwa imewashwa, lakini nimeona mifumo ambamo imezimwa kwa makusudi kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu ilikuwa inasema ukweli.

Kwenye simu za Android, programu moja ikiikabidhi nyingine linki, ujumbe unapita kwenye njia ya mfumo iitwayo Binder, na nafasi yake ni megabaiti 1, ambayo programu hutumia kwa makabidhiano yake yote yanayoendelea kwa wakati huo. Ni nafasi kubwa kwa linki ya kawaida. Lakini nimewaona watu wakiigeuza picha ndogo kuwa herufi na kuiingiza ndani ya linki. Hapo ndipo programu hufunga ghafla.

Sasa mtaniuliza: linki inafikaje herufi 2000, kwani nani anaandika anwani ndefu hivyo? Hakuna anayeiandika. Inanenepa yenyewe. Ninaposema herufi nahesabu pia tarakimu na alama. Zinazoruhusiwa kukaa kwenye anwani zilivyo ni chache: a hadi z, kubwa na ndogo, tarakimu, na alama kadhaa. Zilizobaki huandikwa baiti kwa baiti, na kila baiti ni alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu au herufi mbili. Nafasi tupu kati ya maneno inakuwa %20. Herufi moja imekuwa tatu.

Kiswahili tunachokiandika kwa herufi za Kilatini kina nafuu, lakini si nafuu kamili. Chukueni neno ng'ombe. Ukiliandika kwa alama iliyonyooka, alama hiyo inaruhusiwa kwenye anwani. Simu nyingine huibadilisha bila kukuuliza na kuweka ile iliyopinda, na iliyopinda ni baiti tatu: %E2%80%99. Herufi tisa kwa alama moja. Mwalimu wa madrasa anayeweka majina ya wanafunzi kwa herufi za Kiarabu ana mzigo mkubwa zaidi. Neno سلام lina herufi nne. Kila moja ni baiti mbili, na kwenye linki linakuwa %D8%B3%D9%84%D8%A7%D9%85, yaani herufi 24. Orodha ya majina ishirini tu ya wanafunzi, matatu matatu kwa kila mmoja, inatosha kukuvusha 2000.

Halafu linki ikiingizwa ndani ya linki, mambo yanaongezeka. Ukurasa wa malipo unahitaji kujua mteja arudi wapi akishalipa, kwa hiyo anwani ya kurudi inawekwa ndani ya anwani ya malipo. Lakini alama ya asilimia yenyewe hairuhusiwi kukaa humo hivihivi. Inageuzwa kuwa %25. Kwa hiyo ile nafasi tupu, iliyokuwa %20, sasa ni %2520. Ukipitia ukurasa wa kuingia kwa nywila kabla ya malipo, inakuwa %252520. Neno سلام lililokuwa herufi 24 linakuwa 40, kisha 56. Hakuna aliyeongeza taarifa hata moja, na linki imezidi maradufu.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo pana hatari. Linki ikikataliwa ni usumbufu. Linki ikikatwa kimya kimya ni jambo jingine. Fikirini linki ya malipo inayoishia hivi: kiasi=150000. Programu fulani njiani ina nafasi ya herufi 2083, na linki yako ina 2085. Herufi mbili za mwisho zinadondoka. Kinachofika ni kiasi=1500. Hiyo ni linki halali kabisa. Ukurasa unafunguka vizuri, rangi zote zipo, jina la mteja lipo, na unaomba shilingi 1500 badala ya laki moja na nusu. Hakuna ujumbe wa kosa. Mteja mwaminifu analipa alichoombwa na kuonyesha risiti, na muuzaji anamwita mwizi. Watu wa Tanga wanaoheshimiana miaka yote wanagombana dukani kwa sababu ya herufi mbili.

Kwa hiyo tufanyeje?

La kwanza, na mkinisahau yote msisahau hili: usibebeshe linki mzigo. Oda ya machungwa ihifadhiwe kwenye seva yako. Ukiipokea, ipokee kwa ombi la POST, ambalo hubeba data kwenye mwili wa ombi badala ya kuibeba kwenye anwani. Kinachosafiri kwenye linki kiwe kitambulisho tu. Herufi 22 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka alfabeti ya alama 64 zinazofaa kwenye anwani zinatosha kubeba biti 128, yaani michanganyiko mingi mno, na hakuna mtu atakayekisia kitambulisho hicho. Weka hapo jina la tovuti yako, na linki nzima haifiki herufi 60. Inaingia kwenye fomula ya Excel, inaingia VARCHAR ya 255, inaingia hata kwenye ujumbe mmoja wa SMS. Msitumie namba zinazofuatana, oda 1, oda 2, oda 3, kwa sababu mtu atabadilisha tarakimu moja na kufungua oda ya jirani yake. Na kiasi cha fedha kisomwe kwenye seva siku zote. Kisikae kwenye linki kabisa.

Faida yake haiishii kwenye urefu. Kilichomo kwenye linki kinabaki kwenye historia ya kivinjari, kinabaki kwenye kumbukumbu za seva, na mtu akiisambaza kwenye kundi la familia kinakwenda nacho. RFC 9110 yenyewe inasema si busara kuweka taarifa nyeti kwenye anwani, kwa kuwa zinaweza kuonekana na wengine. Mimi nimeona linki yenye jina kamili la mtu, namba yake ya simu na namba ya kitambulisho cha taifa, ikizunguka kwenye makundi. Ukifupisha linki kwa njia niliyoitaja, umemlinda na huyo mtu.

Huduma za kufupisha linki, kama TinyURL iliyoanza mwaka 2002, zinasaidia unapobandika tangazo. Kwa mfumo wa biashara sizipendi. Huduma ikifungwa, linki zako zote zinakufa siku moja, na mteja haoni anakopelekwa, jambo ambalo matapeli wanalipenda sana. Kama una seva yako mwenyewe, kitambulisho chako ndicho ufupisho wako.

SMS ina hesabu yake. Ujumbe mmoja ni herufi 160 kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi. Ile alama iliyopinda ya ng’ombe haimo kwenye alfabeti hiyo. Ikiwemo kwenye ujumbe, na mtambo usiibadilishe, ujumbe mzima unahamia alfabeti nyingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Utalipia meseji mbili au tatu kwa alama moja. Kwa msimbo wa QR, ule mkubwa kuliko yote unabeba hadi baiti 2953, lakini jaribuni kuusoma kwa simu ya bei nafuu ukiwa umebandikwa kwenye kreti ya samaki iliyolowa. Linki fupi hutoa msimbo wenye miraba michache na mikubwa, na simu yoyote inausoma.

La pili, palipo na kikomo, kataa kwa sauti. Ukipokea linki inayozidi nafasi yako, usiikate. Irudishe, sema ni ndefu kiasi gani na wewe unapokea kiasi gani, kwa Kiswahili ambacho yule mama wa Pangani atakielewa, kisha mpe njia nyingine ya kuendelea. Hali ya ukali ya hifadhidata iacheni iwake. Na kama hamna budi kupitisha vitu vingi kwenye linki, wekeni saini ya usalama mwishoni kabisa, iliyokokotolewa kutokana na yote yaliyotangulia. Linki ikikatwa, saini ndiyo inayokatika kwanza, na seva inaikataa yote badala ya kukubali nusu yake.

La tatu ni kupima, na kupima kwenyewe ni rahisi. Tengeneza linki ya kwenda kwenye ukurasa wako wa majaribio, uijaze namba zinazoonyesha zimefika herufi ya ngapi: 100, 200, 300, na kuendelea hadi 10,000, na mwishoni kabisa weka neno MWISHO. Seva ya ukurasa huo iongezewe nafasi ili isijibu 414, na ukurasa uonyeshe kilichofika, basi. Kisha usiifungue kwenye kivinjari chako. Itume kwa barua pepe ukaibofye kule. Itume WhatsApp, uifungue kwa simu ya mzazi wako, ile ya zamani. Iingize kwenye Excel. Ihifadhi kwenye hifadhidata uitoe tena. Ipitishe kwenye ukurasa wa kuingia kwa nywila na irudi. Kila mahali ambapo neno MWISHO halikufika, namba ya mwisho unayoiona inakuambia tishari hilo linabeba kiasi gani; ikikataliwa yote, ifupishe hadi ipite. Andika hesabu hizo ukutani karibu na meza yako, maana zinabadilika programu zinapopata matoleo mapya, na mtalazimika kurudia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nitabaki hapa hadi adhuhuri. Walio na mifumo ambayo tayari inatumika wasogee na kompyuta zao kwenye meza ya mbele, na wenye simu za zamani wazilete, tunazihitaji sana. Tutaanza na linki za malipo, kisha za ada za shule, na maswali yenu nitayajibu tukiwa tunapima.